Mbio za farasi na mikeka ya Kyela: Je, uchambuzi huigeuza kamari kuwa biashara?

 

Ndugu wasomaji, iko hoja moja inayozunguka miongoni mwa vijana wetu wa Kyela mjini, Ipinda, Kasumulu na vijiji vya mwambao wa ziwa mpaka Matema, ambayo tumeona haifai kuachwa ipite bila ya kutazamwa kwa makini. Hoja hiyo ina miguu miwili. Mguu wa kwanza unasema kuwa Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi na akaruhusu zawadi katika mbio hizo, hivyo basi mwenye kuweka fedha juu ya farasi anafanya jambo lenye asili katika dini. Mguu wa pili unasema kuwa anayebashiri kwa kufuata rekodi ya farasi, uzito anaoubeba, hali ya uwanja na sifa za mpandaji, huyo hachezi bahati nasibu bali anatumia elimu, kama mfanyabiashara wa mpunga anavyokadiria bei ya msimu ujao.

Wazazi wametuuliza, na wanastahili jibu lililopimwa. Kijana aliyekuja na hoja hajibiwi kwa kelele. Akipigiwa kelele ataondoka na hoja yake nzima, na safari ya pili hatakuja kuuliza.

Huenda msomaji wa mbali akashangaa, farasi na Kyela wapi na wapi? Ni kweli kwamba wengi wa wakazi wa bonde lile hawajapata kumwona farasi ila katika picha. Mifugo yao ni ng'ombe, na chombo chao cha mashindano, kama kipo, ni mtumbwi. Lakini katika vibanda vya kubeti vimewekwa vioo ambavyo kila baada ya dakika chache huonyesha mbio za mbwa na za farasi, na simu ya mkononi imemfungulia mtu aliyekaa chini ya mkakao wake njia ya kuweka shilingi elfu moja juu ya mbio zinazokimbiwa Uingereza alasiri ile ile. Kwa hiyo farasi amefika Kyela, ingawa kwato zake hazijakanyaga udongo wake.

Tuanze na mguu wa pili wa hoja, kwa sababu ndio wenye nguvu zaidi na ndio unaowadanganya hata watu wenye akili zao.

Elimu ya wachambuzi ipo

Hatutawadhulumu wachambuzi. Kukadiria nafasi ya farasi katika mbio za kuruka viunzi ni kazi yenye elimu ndani yake. Chukua mbio mashuhuri kuliko zote za aina hiyo, Grand National, zinazokimbiwa kila mwaka mwezi wa Aprili katika uwanja wa Aintree karibu na Liverpool, ambazo historia yake huhesabiwa tangu mwaka 1839. Farasi hukimbia karibu kilomita saba na kuruka viunzi mara 30. Mchambuzi huuliza kwanza: je, farasi huyu amewahi kustahimili masafa marefu namna hii, au ni hodari wa masafa mafupi ambaye pumzi itamwishia njiani? Kisha huuliza juu ya ardhi. Wako farasi wanaopenda ardhi ngumu na wako wanaochapa vizuri katika tope, na mvua ya siku mbili inaweza kupindua makadirio yote. Mtu wa Kyela haihitaji maelezo hiyo. Aliyepita na baiskeli katika njia za mashamba ya mpunga mwezi wa Aprili, akapita tena mwezi wa Septemba, anajua kuwa si njia moja.

Huja tena suala la kuruka. Farasi mwenye kasi lakini anayejikwaa hana faida, kwani mara nyingi farasi wengi katika mbio hizo huwa hawafiki mwisho, ama kwa kuanguka, ama kwa kumwangusha mpandaji, ama kwa kusimamishwa baada ya kuchoka. Hutazamwa umri, hutazamwa mpandaji na mkufunzi, hutazamwa idadi ya wiki tangu farasi akimbie mara ya mwisho. Na juu ya yote hayo hutazamwa uzito.

Hapa kwenye uzito tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu ndipo penye siri ambayo vijana wetu hawaambiwi. Katika Grand National farasi hawabebi mzigo sawa. Yuko mtu rasmi ambaye kazi yake ni kuwapima farasi wote kwa rekodi zao, kisha kumwongezea uzito aliye bora na kumpunguzia aliye dhaifu. Yule wa juu kabisa anaweza kubeba karibu kilo 75, pamoja na mpandaji na tandiko. Makusudio ya mzigo huo ni kuwa, kwa kadiri ya uwezo wa mwanadamu, farasi wote wawe na nafasi sawa ya kushinda. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mchambuzi anayekaa usiku kucha akitafuta farasi aliye bora kuliko wenzake anashindana na mtu aliyelipwa mshahara ili ubora huo uondolewe. Wenye mchezo wenyewe hawataki mbio zibashirike, maana mbio zinazobashirika haziuziki.

Na matokeo yanashuhudia. Mwaka 2023 alishinda Corach Rambler, naye ndiye aliyekuwa akipewa nafasi kubwa kuliko wote. Wachambuzi wakafurahi. Mwaka uliofuata, 2024, farasi yuyo huyo akamwangusha mpandaji wake kwenye kiunzi cha kwanza kabisa, na kilomita saba za makadirio zikaishia hapo. Mwaka 2025 akashinda Nick Rockett, aliyekuwa akilipa 33 kwa moja. Tuitafakari namba hiyo. Mbio hizo sasa huruhusu farasi wasiozidi 34. Lau mtu angeandika majina 34 katika vikaratasi, akavitia ndani ya kofia na kumwambia mtoto achukue kimoja akiwa amefumba macho, malipo ya haki yangekuwa 33 kwa moja hasa. Kwa hiyo soko zima la wachambuzi, kwa elimu yake yote, lilimpa mshindi nafasi ile ile ambayo angepewa na mtoto aliyefumba macho.

Kiko kisa cha zamani zaidi, cha mwaka 1967, cha farasi aitwaye Foinavon. Alikuwa akilipa 100 kwa moja na hakuna aliyemtazamia. Alikuwa nyuma sana ya wenzake. Kwenye kiunzi cha 23 farasi mmoja asiyekuwa na mpandaji akakata njia mbele ya wenziwe, wakagongana, wakarundikana, wengine wakagoma kuruka. Foinavon, kwa kuwa alikuwa amechelewa, mpandaji wake alipata nafasi ya kuona fujo ile na kutafuta upenyo, akaruka peke yake na kwenda zake mpaka mwisho. Alishinda kwa sababu alikuwa dhaifu. Kiunzi kile kinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Na tusisahau kutaja upande wa pili: Tiger Roll alishinda mwaka 2018, na alipoingia tena mwaka 2019 akiwa ndiye anayetegemewa zaidi akashinda tena. Kwa jumla, katika mbio za farasi yule anayepewa nafasi kubwa kuliko wote hushinda karibu mara moja katika kila mara tatu. Basi elimu ipo. Tunachouliza sisi ni nani anayefaidika nayo.

Hesabu ambayo kibanda hakiandiki ukutani

Mwenye kibanda naye ana wachambuzi, tena wengi na wenye kompyuta. Kila anachokijua kijana wetu kuhusu farasi au timu, mwenye kibanda amekwisha kukitia ndani ya namba ya malipo, ile ambayo vijana huiita odi. Farasi bora hulipa kidogo, farasi dhaifu hulipa sana, na kila mmoja hulipa pungufu kidogo ya haki yake. Pungufu hiyo ndiyo mshahara wa kibanda.

Tutoe mfano mwepesi. Ziwepo mbio za farasi sita wenye nafasi sawa, na kibanda kinalipa mara tano kwa kila mmoja. Watu sita waje, kila mmoja aweke shilingi 1,000 juu ya farasi wake. Kibanda kimekusanya 6,000. Mmoja lazima ashinde, naye hupewa 5,000 na huondoka akishangilia, na ushindi wake huenda ukabandikwa ukutani. Shilingi 1,000 imebaki, na kibanda hakikukimbia wala hakikubashiri kitu. Haya, watu wale wale wazirudishe zile 5,000 zilizobaki mikononi mwao katika mbio za pili, na kilichobaki wakirudishe katika za tatu. Kwa wastani, fedha iliyoingia ikiwa 10,000 na ikazungushwa yote mara kumi namna hiyo, kinachobaki ni kama 1,600 tu. Na mbio za kwenye kioo huja kila baada ya dakika chache. Mara kumi ni kazi ya saa moja au pungufu.

Mkeka ni mbaya zaidi. Tuseme kila mchezo peke yake unarudisha 95 katika kila 100, jambo ambalo linaonekana kuwa ni la ukarimu. Kijana akifunga michezo kumi katika mkeka mmoja, makato yanazidishana, na thamani ya tiketi yake inashuka mpaka karibu 60 katika kila 100 kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Lakini yeye haoni makato, anaona zile sifuri nyingi upande wa kulia wa karatasi. Mkeka ukichanika kwa mchezo mmoja husema, "nilikosa kidogo tu." Hakukosa kidogo. Tiketi ya namna ile imetengenezwa ili ichanike kwenye mchezo mmoja.

Sasa turudi kwa mfanyabiashara wa mpunga. Naye hubashiri, ndiyo, na huenda akapata hasara. Lakini ananunua mpunga wa mkulima wa Kajunjumele, anaulipia ghala, anaukoboa, anaupeleka Mbeya au Dar es Salaam, na mwisho wake iko familia inayokula wali. Bei ikimwendea vibaya, wali umeliwa vile vile. Mvuvi wa usipa naye huingia ziwani usiku wa giza na taa zake bila ya kujua atapata nini, na upepo wa kusini ukivuma anaweza kurudi na maji matupu. Hiyo ni hatari, na uislamu haukukataza hatari. Samaki aliyevuliwa hakutoka katika mfuko wa mvuvi mwenzake. Kibandani kila shilingi ya mshindi imetoka katika mfuko wa mtu aliyeketi naye benchi moja, baada ya kibanda kujikatia chake.

Na ikiwa kuna kijana anayeamini kuwa elimu yake inaweza kukishinda kibanda kwa muda mrefu, tumwarifu jambo linalofahamika sana Uingereza, ambako biashara hii ni kongwe: kampuni za kubeti huwapunguzia kiwango cha kuweka wateja wale wanaoonekana kushinda kwa uchambuzi, wengine hufungiwa kabisa. Wanaokaribishwa kwa zawadi na ofa ni wanaoshindwa. Hatujui duka jingine la halali ambalo mteja mwenye kujua bidhaa hufukuzwa.

Farasi asiyekuwepo

Hayo ni kwa farasi wa nyama na damu. Farasi wengi wanaobetiwa vibandani kwetu hawapo. Ni picha za kompyuta. Hana umri, hana pumzi, hakuna tope wala mpandaji. Kuna programu inayotoa namba kwa bahati, kisha picha zinachorwa ili kuipamba namba ile. Jina lake, rangi yake na rekodi yake ya "mbio tano zilizopita" havina uhusiano wowote na kitakachotokea.

Waingereza nao walilijaribu jambo hili kwa sura nyingine. Tangu mwaka 2017 walianza kuonyesha katika televisheni mbio za Grand National za kompyuta, kwa kuingiza sifa za farasi halisi katika programu. Mwaka 2018 programu ilimtoa Tiger Roll kuwa mshindi, na kesho yake akashinda kweli, watu wakastaajabu. Mwaka 2017 na mwaka 2019 ilikosea. Mwaka 2020, mbio za kweli zilipofutwa kwa sababu ya maradhi ya Korona, watu karibu milioni tano walitazama za kompyuta, na "akashinda" Potters Corner. Hiyo ni programu iliyojengwa juu ya farasi wanaojulikana, na bado ilikuwa hivyo. Sembuse ile ya kibandani ambayo haina farasi nyuma yake? Kijana anayesema anawachambua farasi wa kwenye kioo anachambua kivuli cha mti usiokuwepo. Kwa hawa, neno uchambuzi liondolewe kabisa katika mazungumzo.

Farasi katika Sunna

Tuje katika mguu wa kwanza wa hoja, ule wa dini. Ni kweli, na wala hatufichi. Imepokewa na Ibn Umar (R.A.), katika Sahih ya Bukhari na ya Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliofanyishwa mazoezi kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, na wale wasiofanyishwa mazoezi kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Banu Zurayq, masafa mafupi zaidi. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Tazama uadilifu uliomo: kila kundi lilipewa masafa yanayolingana na maandalizi yake. Na imepokewa kwa Abu Hurayra (R.A.) hadithi ambayo maana yake ni kuwa zawadi ya mashindano haiwi ila katika ngamia, mshale au farasi. Wanavyuoni wameeleza sababu, nayo ni kuwa hayo yalikuwa ni maandalizi ya kuilinda jamii.

Lakini zawadi hiyo hutolewa na nani, na huchukuliwa na nani? Hapa ndipo vijana wetu wanapoikatia hadithi njiani. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, na ambayo hukumu zake katika mlango huu zimefupishwa na Imamu Nawawi katika Minhaj, zawadi inaweza kutolewa na kiongozi, au na mtu wa nje, au na mmoja wa washindani akasema: ukinishinda nitakupa kadha, nikikushinda sina kwako kitu. Ama wakitoa wote wawili, mshindi achukue chote, haifai mpaka aingie wa tatu asiyetoa kitu, ambaye wanavyuoni humwita muhallil. Akishinda huchukua, akishindwa hatoi. Wako waliotofautiana nao, akiwemo Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibnul Qayyim, ambao hawakuona haja ya muhallil. Hilo ni jambo la utafiti na halibadilishi tunayoyasema hapa.

Jambo linalopendeza ni kuwa mafakihi nao walikadiria nafasi za farasi. Walisema farasi wa huyo wa tatu lazima alingane na wale wawili. Akiwa dhaifu kiasi kwamba inajulikana atashindwa, kuingia kwake ni hila tupu, na mashindano yanabaki kuwa kamari. Walishurutisha vilevile kuwa kila farasi awe na uwezekano wa kushinda, farasi wajulikane kwa kuonwa, na mwanzo na mwisho wa masafa ujulikane. Kwa hiyo makadirio yale yalikuwa ya kuzuia mtu asidhulumiwe.

Mtu anayeweka fedha kibandani yuko wapi katika picha hiyo? Hana farasi, hamfundishi, hampandi, hamwoni. Yeye na kibanda wote wameweka, na mmoja lazima amle mwenzake. Huyo hafanani na mshindani wala na mtoa zawadi. Anafanana na Waarabu wa zama za ujinga waliokaa pembeni wakiwekeana dau, na hao ndio walioteremshiwa aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maida, ambazo zimeitaja kamari pamoja na ulevi, na zikataja sababu yake waziwazi: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiwa na dhikri na Swala.

Waarabu hao walikuwa wameonja uadui huo kwa sababu ya farasi hasa. Qays bin Zuhayr wa Banu Abs alimwingiza farasi wake Daahis katika mbio za dau, na upande wa pili, wa Hudhayfa bin Badr, ukaficha watu bondeni wakamzuia Daahis alipotangulia. Vita vilivyozuka baina ya Abs na Dhubyan vinasimuliwa kuwa vilidumu takribani miaka 40. Waliokuja kuvimaliza ilibidi walipe diya za wafu kwa mali zao.

Wala tusidhani kuwa mbio bila dau haziwezekani. Lamu, katika sherehe za Maulidi, hukimbizwa punda, na mji mzima hujaa barabarani. Dubai, mashindano ya Dubai World Cup yalianza mwaka 1996 na zawadi ya mbio kuu imefikia dola milioni 12, na kwa miaka mingi yameendeshwa bila vibanda vya kubeti uwanjani. Mtazamaji hupewa karatasi ya kubashiri bure, na akipatia hupata zawadi asiyoilipia. Nasi tungependa siku moja kuona vijana wa Matema wakishindana kwa makasia mpaka mdomo wa mto, na mfanyabiashara mmoja akajitokeza kuweka ng'ombe wa zawadi. Hilo lina ubaya gani?

Fedha ya kakao

Kwa nini tunalizungumzia Kyela na si mahali pengine? Kwa sababu ya namna fedha inavyoingia katika nyumba za huko. Mpunga huvunwa msimu mmoja, na baba aliyeuza gunia zake huketi na mkewe wakagawa: ada za shule, bati, mbegu. Kakao haiko hivyo. Huchumwa kidogo kidogo sehemu kubwa ya mwaka, hupelekwa katika chama cha ushirika, huuzwa kwa mnada katika utaratibu wa stakabadhi ghalani, kisha malipo huja kwa vipande. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo lisilopata kutokea kabla, na wakulima wa Kyela wakaona fedha ambazo baba zao hawakuzipata. Mwaka 2025 bei ikaanza kuporomoka. Bei iliyopanda ghafla humzoeza mtu matumizi, na iliyoshuka ghafla humwacha akitafuta njia ya kuyarudishia. Simu imo mfukoni, malipo ya kipande yamo ndani ya simu, na kampuni ya kubeti imo ndani ya simu hiyo hiyo. Fedha haihitaji hata kuvuka mlango wa nyumba ili ipotee, na mama wa nyumba hajui kuwa iliingia.

Waislamu katika Kyela ni wachache, na majirani zetu Wakristo wanalia kilio hicho hicho makanisani mwao. Hili ni jambo ambalo imamu na mchungaji wa kijiji kimoja wanaweza kulisimamia pamoja bila ya mmoja kumwachia mwenzake dini yake. Liko la kuanzia: Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya kuisimamia michezo hiyo, inakataza aliye chini ya miaka 18 asicheze. Mtoto wa darasa la sita aliyesimama mbele ya dubwi akitumbukiza sarafu ni uvunjaji wa sheria ya nchi, mbali na sheria ya dini, na serikali ya kijiji ina wajibu wa kuliona. Leseni ya serikali haimhalalishii Muislamu kamari, kama ambavyo leseni ya baa haimhalalishii pombe. Lakini pale sheria inapomlinda mtoto, tuishike kwa mikono miwili.

Tumalizie kwa masuala ambayo wasomaji hutuuliza zaidi.

Mwenye fremu aliyeombwa kuikodisha kwa kibanda cha kubeti asiikodishe, kwani anajua kitakachofanyika ndani yake, nako ni kusaidiana katika dhambi. Kijana aliyepata ajira ya kukata tiketi humo atafute nyingine kwa haraka, na jamaa zake wamsaidie kuitafuta badala ya kumsema tu, maana kodi ya chumba hailipwi kwa mawaidha. Aliyeshinda fedha akatubu, wanavyuoni wamesema aitoe kwa mafukara na maslahi ya watu bila ya kuihesabu kuwa ni sadaka yake, kwa kuwa haikuwa mali yake. Akiwa yeye mwenyewe ni fukara wa kweli, wako waliomruhusu kuchukua kiasi cha haja yake. Aliyekopa kwa jirani, au kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, akaipoteza fedha ile kibandani, deni lake liko pale pale na atalilipa lote, hata kama ni kwa kupeleka kilo mbili za kakao kila mnada. Mke hawajibiki kulipa deni hilo kwa mali yake, wala mumewe hana haki ya kuuza cherehani au mbuzi wake ili alilipe. Na wazee wa ukoo wakikaa kikao, wamwambie hivyo mbele yake.